Vigae vya Mtungi wa Nyanya

Mfinyanzi hulia gaeni, wasema wazee wetu, na kwa miaka mingi niliyadhani maneno haya kuwa ya kumsikitikia mfinyanzi. Nilidhani kwamba mtu afinyangaye vyungu vya watu wote hula katika kigae kwa sababu ni fukara, au kwa sababu ni mzembe wa mambo yake mwenyewe. Haikunijia hata siku moja kwamba pengine hula gaeni kwa kuwa yeye aijua thamani ya kigae kuliko sisi tukitupao. Jambo hili nilijifunza kwa gharama, na gharama yenyewe ilikuwa mtungi wa nyanya yangu.

Nyumba yetu iko Likoni, upande wa kusini wa kivuko, karibu kiasi cha honi ya feri kusikika mpaka jikoni. Feri zimevusha watu mahali hapo tangu mwaka 1937, na nyanya alivuka katika mojawapo akiwa bi harusi, akitoka kwao Jomvu Kuu. Jomvu ni mji mkongwe wa bara ya Mombasa. Watu wake wamo katika Tisa Taifa, na wanawake wake walikuwa na sifa ya ufinyanzi kabla ya masufuria kujaa madukani. Katika vyombo alivyokuja navyo nyanya ulikuwamo mtungi mmoja mwekundu, mpana wa tumbo, mwembamba wa shingo, wenye mistari iliyochorwa begani kwa ncha ya kijiti.

Mtungi huo ulikaa mlangoni pa jikoni, juu ya kilima kidogo cha mchanga, na kata ya kifuu ikining'inia karibu yake. Maji yake yalikuwa baridi hata katika jua kali la Februari. Siri ya ubaridi huo haikuwa kubwa. Udongo uliochomwa kwa moto wa kuni hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji huvuja kidogo kidogo katika vitundu hivyo, hukauka juu ya ngozi ya mtungi, na yakikauka huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Jokofu lilipoingia nyumbani kwetu nyanya hakulitazama mara mbili. Alisema kuwa maji yake huuma meno na kiu hubaki pale pale.

Nyanya alifariki mwanzo wa mwaka 2021. Arobaini yake ilikuwa haijatimia nilipoingia jikoni na mtungi wa gesi begani, nikateleza, na mtungi wa chuma ukaupiga mtungi wa udongo. Lugha yetu imevipa vitu hivi viwili jina moja, lakini havikuumbwa kukutana. Mlio wake haukuwa mkubwa. Maji yalitambaa mpaka ukumbini, na mama akatoka kutazama yametoka wapi.

Hakunikemea. Aliviokota vigae kimoja kimoja, akavitia katika gunia, akaliweka gunia chini ya mwembe, kisha akarudi kuendelea na mchuzi wake. Laiti angalinikemea! Mtoto aliyekemewa hulia, akanyamaza, na jambo likaisha. Mimi nilipita kando ya gunia lile kila siku, nikienda na nikirudi, kwa muda wa miezi miwili.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na sikuwa na kazi ila vibarua vya siku mbili tatu. Shuleni nilikuwa nimefundishwa kidogo kuunda sanamu za udongo, na niliambiwa kuwa mkono wangu si mbaya. Tena nilikumbuka safari moja ya shule katika jumba la makumbusho la Ngome ya Yesu, ngome iliyojengwa na Wareno baina ya mwaka 1593 na 1596. Tulioneshwa vyombo vilivyotolewa chini ya bahari katika merikebu ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697 na kuchimbuliwa na wapiga mbizi kuanzia mwaka 1977. Palikuwa na vigae vingi vilivyowekwa ndani ya vioo. Wenzangu walicheka kwa kuona vyungu vibovu vikilindwa na askari. Mimi pia nilicheka. Sasa, nikilitazama gunia chini ya mwembe, kicheko kile kilinirudia vibaya.

Nikapata wazo. Wafinyanzi wa nchi nyingi, tangu zamani sana, husaga vigae na kuuchanganya unga wake na udongo mpya. Hawafanyi hivyo kwa ubahili. Udongo mtupu ukikauka hujikunja na kupasuka, lakini kigae kimekwisha kuingia motoni mara moja, hakijikunji tena, kwa hiyo punje zake huushika udongo mpya na kuupa unyevu njia ya kutoka. Nilikusudia kuusaga mtungi wa nyanya, kuutia katika udongo mwingine, na kuunda sanamu yake mwenyewe ameketi kibarazani kama alivyozoea, na uso wake wote, kovu la shavuni likiwamo. Nilijiambia kuwa nitamrudishia mama vyote viwili kwa pamoja, mtungi na mwenyewe.

Udongo niliupata bure. Barabara mpya ya Dongo Kundu ilikuwa ikijengwa siku zile, na jina la mahali pale latosha kumwambia mtu rangi ya ardhi yake. Mitambo ilikuwa imetupa kando marundo ya udongo mwekundu wenye kunata, ambao hakuna aliyeuhitaji. Nikajaza ndoo mbili. Vigae nikavitwanga katika kinu kibovu, theluthi mbili ya gunia zima, nikiviacha vile vya begani vyenye mistari kwa kuwa mkono ulikataa. Nilipoona kuwa udongo ungali unanata mno nikaongeza mchanga. Mchanga niliuchota ufuoni, katika pwani yetu ya Likoni ijulikanayo kwa jina la Shelly, yaani pwani ya makombe. Nakuomba, msomaji, ulishike jina hilo, mimi sikulishika.

Kazi ilinichukua wiki tatu, katika uwanja wa nyuma wa nyumba ya mjomba. Niliifanya sanamu kuwa tupu ndani, unene wake usizidi kidole, na tundu nikaliacha chini, maana maji yaliyofungiwa katika udongo mnene hugeuka mvuke na kuupasua motoni. Nikaikausha kivulini siku kumi na nne. Kisha nikaichoma juu ya ardhi tupu kwa makumbi ya nazi, vifuu na kuni za mvinje, tangu alasiri mpaka usiku wa manane. Asubuhi nilifukua majivu, nikamkuta nyanya ameketi, mwekundu, mzima, bila ufa. Nilimwita mjomba kwa sauti iliyowatoa majirani nje.

Siku ya nne niliona doa jeupe kwenye pua, dogo kama punje ya mtama. Siku ya tano pua ilikuwa na tundu, na gamba lake lilikuwa chini. Madoa yakatokea shavuni, begani, magotini, na kila doa lilisukuma gamba la udongo na kulitupa kando, kana kwamba mtu yumo ndani akibisha mlango. Siku ya kumi uso wote ulikuwa umekwenda.

Shangazi mmoja alisema kuwa hilo ni onyo, kwa sababu nimethubutu kuunda sura ya mtu. Habari zikamfikia mama. Alikuja kwa mjomba bila kuniambia, akasimama mbele ya sanamu kitambo, leso yake ameishika kinywani. Kisha akasema, "Mama yangu nimemzika mara moja. Mbona wataka nimzike mara ya pili?"

Sikuwa na jibu. Nikaichukua sanamu, nikaifunga katika shuka kuukuu, nikapanda feri, nikavuka kisiwa, nikapanda matatu ya Changamwe na kuendelea mpaka Jomvu. Huko alikuwako bibi mmoja mzee, jamaa ya nyanya, ambaye alifinyanga ujanani na kuacha macho yalipochoka.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nini hiyo uliyoibeba kama maiti?"

Nikaifunua. Hakuulizia sura ni ya nani. Aliokota gamba moja, akalivunja kwa kucha, akaugusisha ulimi unga mweupe uliokuwamo, akatema upesi.

"Ulitia nini humu?"

"Udongo, na vigae, na mchanga."

"Mchanga wa wapi?"

"Wa pwani."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mjukuu wangu, wewe hukufinyanga. Umepika chokaa, kisha ukaipa pua."

Kila mtu wa pwani aijua chokaa, nami niliijua tangu utotoni bila kuijua. Majumba ya mawe ya Mombasa, Lamu na Unguja yalijengwa kwayo. Wachomaji wa chokaa hupanga kuni, hurundika mawe ya matumbawe juu yake, na moto ukila kuni hizo jiwe hubadilika. Makombe na matumbawe ni jiwe la aina moja. Moto ukifika nyuzi 700 na kupanda kuelekea 900, jiwe hilo hutoa hewa iliyofungwa ndani yake na kubaki chokaa kali, isiyotulia mpaka inywe maji. Chokaa hiyo ikipata maji huchemka na kufura. Mchanga wa Shelly una vipande vya makombe visivyo na idadi. Moto wangu ulivigeuza kuwa chokaa ndani ya mwili wa sanamu. Kisha hewa yetu ya pwani, yenye unyevu mchana na usiku, ikawa inavinywesha kidogo kidogo. Kila kipande kilichofura kilisukuma udongo ulio mbele yake. Pua ilitangulia kwa sababu ilikuwa nyembamba.

Nimeieleza sababu hii kwa urefu kwa kuwa sipendi jambo libaki bila sababu yake, hasa jambo ambalo watu wameliita onyo. Walakini nakiri kwamba sababu ya chokaa haikumjibu mama. Yeye hakuwa ameniuliza kwa nini pua ilianguka.

Bibi wa Jomvu alinipa mafundisho ya siku moja, akiwa ameketi mkekani na mimi nikitumwa huku na huku. Alinionesha namna ya kuujaribu mchanga: tia chembe zake katika kifuu, kamulia ndimu, sikiliza. Ukitoa povu na mlio mdogo kama wa mafuta yaliyotulia, una makombe, utupe. Ukinyamaza, ni mchanga wa mto, utumie. Alinipa na kipimo cha vigae, kibaba kimoja cha unga kwa vibaba vitatu vya udongo. Nilimwambia kuwa vimebaki vigae vya begani peke yake, vile vyenye mistari. Alivitaka, nikavitoa mfukoni, akavipitisha vidole muda mrefu. Alisema kuwa mkono uliovichora aujua. Hakusema zaidi, wala mimi sikuona adabu kuuliza.

Shida yangu sasa ilikuwa mbili. Nikivisaga vigae hivyo, mistari itapotea na mtungi utakuwa umekwisha kabisa duniani. Nisipovisaga, sanamu ya pili haitakuwa na kitu cha nyanya ndani yake. Nilifikiri kuvichomeka vizima katika udongo mbichi, na bibi akanikataza. Udongo mbichi hujikunja ukikauka, na kigae hakijikunji, basi udongo utapasuka pande zote za kigae. Tukakubaliana kuwa nusu niisage na nusu niihifadhi mpaka sanamu itoke motoni. "Kisha utavishika na nini?" akaniuliza, na kabla sijajibu akaashiria kwa kidevu lile gamba jeupe nililokuja nalo.

Msomaji aliyefika Gedi au Mambrui ataelewa. Wahenga wetu walipachika mabakuli ya Kichina katika kuta na katika nguzo za makaburi, na gundi yao ilikuwa chokaa. Nguzo ya kaburi la Mambrui ilikaa hivyo karne nyingi. Chokaa iliyokwisha kunywa maji imetulia, haifuri tena, hushika na kugeuka jiwe polepole. Kitu kile kile kilichoitupa chini pua ya nyanya kilikuwa kimeyashika mabakuli ya watu kabla ya Mreno kufika. Tofauti ni kwamba wao waliinywesha kwanza.

Niliporudi niliteremka Changamwe, katika kiwanda cha wachongaji wa ushirika wa Akamba, ulioanzishwa mwaka 1963. Uchongaji wa Wakamba wenyewe una historia yake. Husimuliwa kuwa Mutisya Munge wa Wamunyu aliupata ustadi huo katika safari za Vita Kuu ya kwanza, akarudi nao kwao. Mimi haja yangu ilikuwa vumbi la msumeno, ambalo huko hulala marundo marundo chini ya vibanda. Nilipewa magunia matatu kwa neno la asante. Nikanunua na pipa bovu lililotoboka, ambalo muuzaji alinionea haya kunitoza bei.

Sanamu ya pili ilikuwa ndogo, haikufika dhiraa moja. Haikuwa na uso. Hili sikulifanya kwa kumwogopa shangazi, nataka lieleweke. Mama hataki sura ya mtu nyumbani mwake; hiyo ni imani yake na nyumba ni yake, na zawadi isiyoweza kuvuka mlango wa mpewa si zawadi. Tena nilipojaribu tena kuufinyanga uso nilitambua kuwa nimeanza kuusahau. Nikamwinamisha kichwa, nikamfunika leso mpaka magotini, nikaacha mwili wake uwe tumbo la mtungi na mabega ya mtungi. Wagiriama, jirani zetu, huchonga vigango vya kuwakumbuka wazee wao wa Gohu, na uso wa kigango si picha ya marehemu, bali wenyewe hujua ni nani amesimama pale. Na huko Nsukka, nchini Nijeria, El Anatsui, mzaliwa wa Ghana ambaye leo ulimwengu humjua kwa nguo zake kubwa za vizibo vya chupa, alianza kupata sifa kwa kazi zake za vyungu vilivyovunjika, alizozionesha mwaka 1979. Haya niliyasoma baadaye. Siku ile sikuwa na mwalimu ila bibi wa Jomvu na aibu yangu.

Nililitoboa pipa pembeni, nikaizika sanamu katikati ya vumbi la msumeno, nikalishindilia, nikawasha juu na kulifunika bati. Moto wa namna hii hauna ndimi. Hutafuna chini kwa chini, usiku na mchana, na joto lake ni dogo kuliko la kuni zilizo wazi. Moshi usiopata njia huingia katika udongo na kuutia weusi. Siku ya pili jioni niliitoa sanamu nyeusi kama chungu cha zamani. Ndipo nikavipanga vigae vyekundu vya begani katika pindo la leso, kimoja baada ya kimoja, mistari ikifuatana, nikavishika kwa chokaa niliyoilowesha wiki mbili. Vilitosha kuzunguka mbele tu. Nyuma pindo limekatika.

Nilingoja wiki sita kabla ya kumwonesha mama, nikiipangusa kila asubuhi na kutafuta doa jeupe. Halikutokea. Nikavuka nayo barabara jioni moja baada ya magharibi, nikaiweka juu ya kilima cha mchanga mlangoni pa jikoni, ambacho mama hakuwa amekiondoa. Alitoka na taa. Hakusema kitu juu ya umbo lile, wala hakuuliza ni nani. Alichutama, akapitisha kidole katika mistari ya pindo, akafika mahali inapokatika, akarudi mwanzo. Kisha akaingia ndani, akatoka na kata ya kifuu, akaitundika pale pale ilipokuwa zamani.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuwa na mvua nyingi, na ukuta wa jikoni ulilowa mpaka katikati. Asubuhi moja nikaona doa chini ya leso, jeupe, dogo kama punje ya mtama. Bila shaka kombe moja lilinipita katika ungo, na upande ule wa pipa ulikuwa na moto mkali kuliko nilivyodhani. Nilikwenda kutafuta msumari wa kulichokoa kabla halijafura, mama akanishika mkono.

"Iache," akasema.